Kujaribu kwa Maji

Nenda bucha asubuhi na mapema, umwombe mwenye duka moyo wa ng'ombe mzima, usiochanwa. Atakutazama mara mbili, kwa kuwa wateja wake huuchukua ukiwa umeshakatwa vipande vya kukaanga. Ukifika nyumbani uoshe mabonge ya damu, kisha utafute upande wa kushoto, ule wenye nyama nene, ukate taratibu sehemu ya juu yenye kuta nyembamba mpaka ubaki na tundu linaloingia chumba cha chini. Ubane mshipa mkuu, aorta, kwa vidole viwili. Sasa mimina maji katika tundu lile. Utando mweupe uliokuwa umelala ukutani kama nguo iliyoloa utaanza kuinuka. Una majani mawili: moja pana, jingine fupi lililozunguka sehemu kubwa ya ukingo. Yatapanda pamoja na maji, yatasogeleana, yatakutana katika mstari uliopinda kama tabasamu. Ukandamize moyo kwa nje. Maji hayatoki.

Jaribio hili nilifundishwa na daktari bingwa wa upasuaji wa moyo ambaye kila Jumamosi hununua mioyo sita machinjioni kwa ajili ya madaktari vijana anaowafunza. Wanaichana, wanashona, wanafumua, wanashona tena. Zoezi likiisha, kila mmoja humimina maji mbele ya wenzake. "Maji hayamwogopi mtu," aliniambia. "Hayajui kama wewe ni profesa." Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu, na nadhani ndiyo iliyonifanya nianze kuitazama kazi yao jinsi ninavyomtazama fundi seremala au mshonaji aliyebobea, badala ya kuiona kama muujiza unaofanyika nyuma ya milango iliyofungwa.

Hospitalini utando ule wanauita valvu ya mitrali, jina lililotokana na kofia ya askofu. Wagonjwa wengi husema tu mlango wa moyo, na hawajakosea. Unatenganisha chumba cha juu kushoto, kinachopokea damu safi kutoka mapafuni, na chumba cha chini kinachoisukuma damu hiyo mwili mzima. Hufunguka na kufunga takriban mara 100,000 kwa siku, bila likizo, kwa majani ambayo unene wake ni kama milimita moja. Tundu lake kwa mtu mzima mwenye afya lina ukubwa wa sentimita za mraba 4 hadi 6. Sarafu ingepita.

Ila neno mlango halitoshi. Mlango una bawaba na komeo, huu hauna. Mtu wa pwani ataelewa upesi zaidi akiambiwa kwamba jani la valvu ni tanga. Ukingo wake umeshikwa na nyuzi nyembamba nyeupe, na nyuzi hizo zimefungwa kwenye misuli midogo inayochomoza kutoka ukutani mwa chumba cha chini. Nyuzi ndizo demani, kamba za kulishikilia tanga. Moyo unapojikamua, damu hulijaza tanga kama upepo, na demani hulizuia lisipinduke. Demani ikikatika, tanga hupeperukia upande usio wake na damu hurudi mapafuni. Demani zikifupika na kugandana, tanga haliwezi kutanda. Majani hubaki yameachama, magumu, hayafunguki vizuri wala hayafungi.

Huku kwetu zinafupika. Mtoto wa miaka saba au kumi anaumwa koo, wazazi wanasema ni mafindofindo, anasukutua maji ya chumvi na baada ya siku chache yuko uwanjani na wenzake. Wiki mbili tatu baadaye viungo vinamvimba, goti leo, kifundo kesho, halafu navyo vinapoa. Kilichotokea ndani ni kwamba kinga ya mwili, iliyojifunza kumpiga bakteria wa kooni aitwaye streptokoka, imeishambulia na valvu, kwa sababu umbile la bakteria yule linafanana na sehemu za moyo. Koo likiuma tena, shambulio hurudi. Kila mara kovu huongezeka: majani yanakuwa mazito, pembe zinashikana, nyuzi zinakuwa fupi na nene kama kamba iliyolowa chumvi. Sindano ya penisilini ya kila wiki nne, iliyo rahisi kuliko chochote nitakachokieleza hapa, huzuia haya yasiendelee. Wengi hawaipati kwa sababu hakuna aliyejua kwamba koo lile lilikuwa na uhusiano na moyo.

Mtoto yule anafika hospitali akiwa na miaka 19 au 25, akilala kwa mito mitatu kwa kuwa akijinyoosha pumzi inakata. Wapo wanawake wanaogundulika wakiwa wajawazito. Mimba huongeza damu mwilini karibu kwa nusu, na mlango mwembamba ambao ulikuwa ukivumilia sasa unashindwa.

Binadamu walichelewa sana kuugusa mlango huu. Mwaka 1925, London, Henry Souttar alimfungua kifua msichana mmoja, akaingiza kidole cha shahada katika kipochi kidogo kilicho ubavuni mwa chumba cha juu, moyo ukiwa unadunda, na kwa ncha ya kidole akaipapasa mitrali. Hakuiona. Alihisi jani, alihisi damu ikirudi na kumpiga kidoleni, akajua kwa kugusa tu nini kimeharibika. Msichana alipona. Souttar hakuletewa mgonjwa mwingine wa aina hiyo. Madaktari waliokuwa na wagonjwa hao waliamini kwamba tatizo liko kwenye misuli ya moyo na kwamba valvu si kitu. Ilipita miaka 23. Mwaka 1948, Charles Bailey kule Philadelphia, Dwight Harken Boston na Russell Brock London, kila mmoja kwa njia yake, walirudia kazi ile, na safari hii haikuachwa. Bailey alikuwa ameshapoteza wagonjwa kabla ya yule aliyepona. Kila nikimsoma najiuliza alitoa wapi ujasiri wa kuingia tena chumbani, na vilevile familia iliyomkabidhi binti yao ilikuwa imeambiwa nini.

Mashine ya moyo na mapafu, ambayo John Gibbon aliitumia kwa mafanikio mwaka 1953, ndiyo iliyobadilisha kidole kuwa jicho. Damu ikizungushwa nje ya mwili, moyo unaweza kusimamishwa, kukaushwa na kutazamwa. Mwaka 1960, kule Bethesda nchini Marekani, Nina Braunwald aliongoza upasuaji wa kumwekea mgonjwa mitrali ya kutengenezwa ambayo alikuwa ameibuni yeye mwenyewe. Mwaka huohuo mjini Portland, Albert Starr alianza kuweka valvu aliyoiunda pamoja na Lowell Edwards, mhandisi wa pampu aliyemwendea akitaka watengeneze moyo mzima wa bandia. Starr alimwambia waanze na valvu moja. Walichokipata ni mpira mdogo ndani ya kizimba: damu ikisukuma unapanda, ikirudi unashuka na kuziba. Wazo hilo lilikuwa la kizibo cha chupa cha karne ya 19. Mmoja wa wagonjwa wao wa mwanzo aliishi miaka kumi hivi na kifo chake hakikutokana na moyo. Alianguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi nyumba yake.

Mpira ule haukufanana hata kidogo na majani mawili ya mitrali, lakini uliifanya kazi yake. Hapo ndipo anapoingia mtu ninayemheshimu kuliko wote katika historia hii, Alain Carpentier wa Paris. Mmoja wa wagonjwa wake, mchoraji, aliwekewa valvu ya chuma na mpira, akapona, kisha bonge la damu likajitengeneza kwenye valvu, likasafiri hadi ubongoni. Hakuweza tena kuchora. Carpentier hakuridhika na uzima wa namna hiyo. Mwaka 1965 yeye na Jean-Paul Binet walimwekea mgonjwa valvu iliyotoka kwa nguruwe. Zile za mwanzo zilioza haraka, mpaka alipopata njia ya kuzihifadhi kwa glutaraldehidi, dawa inayojulikana kwa watengenezaji wa ngozi. Karibu valvu zote za wanyama zinazotumika leo duniani zimepita katika dawa hiyo.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuacha mlango wa mgonjwa mahali pake. Mwaka 1983 aliwaeleza madaktari wenzake wa Marekani jinsi ya kuukarabati. Wengine kabla yake walitazama valvu na kuorodhesha ubovu: hapa pamenenepa, hapa pamechanika. Carpentier alisema tuulize kila jani linakwendaje. Je, linakwenda sawasawa lakini fremu inayoyashika majani imetanuka? Linapita mpaka? Au limefungwa, halifiki? Majibu matatu, na kila jibu lina dawa yake. Akasema pia kwamba fundi hana haja ya kuirudishia valvu sura yake ya kuzaliwa. Arudishe mwendo wa majani, ayape sehemu pana ya kukutania, na airekebishe fremu kwa pete. Sura ikiwa mbaya na maji hayavuji, kazi imekamilika.

Sasa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mbinu nyingi za Paris ziling'aa zaidi kwa wazee ambao majani yao yamelegea na kuzidi. Mwenye kitambaa kilichozidi hukata, hukunja, hushona. Mgonjwa wetu wa miaka 19 kitambaa chake kimepungua: kovu limekivuta na kukikausha. Mshonaji yeyote atakuambia kwamba kupunguza gauni ni kazi ya mchana mmoja, kulipanua bila kuonekana ni kazi ya bingwa. Anayekarabati mitrali ya aina hii anapanua.

Mama wa binti mmoja mwenye mlango wa aina hii, niliyemfuatilia, aliuliza swali moja tu kliniki. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, akasubiri daktari yuleyule wa mioyo sita amalize kuchora mchoro wake kwenye karatasi.

"Shikamoo dokta. Mimi nataka kujua kimoja. Atazaa?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Marahaba mama. Hilo ndilo linalotufanya tukae hapa leo."

Nilitegemea angezungumzia vyuma na nyuzi, akazungumzia barabara. Kutoka kijijini kwao hadi zahanati ni mbali kiasi gani? Mvua ikinyesha pikipiki inapita? Kuna hospitali ya karibu yenye kipimo cha kuangalia damu inaganda kwa kasi gani? Mama alijibu moja moja. Mvua ikinyesha haipiti.

Valvu ya kisasa ya chuma, yenye visahani viwili vya kaboni ngumu, inaweza kudumu kuliko mwenye nayo. Usiku wa kimya mtu huisikia ikigonga kifuani kama saa. Lakini aliyewekewa atakunywa warfarini ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na atapima damu kila baada ya wiki chache, kwa sababu dawa ikizidi atavuja damu, ikipungua bonge litakaa kwenye visahani. Mchicha, kisamvu na matembele vinaingilia nguvu ya dawa hiyo; hakatazwi kula, ila ale kwa kiasi kisichobadilika sana, jambo ambalo kwa familia inayokula kilichopo shambani si dogo. Na warfarini katika miezi ya mwanzo ya mimba inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ipo njia ya kuivuka miezi hiyo kwa sindano za heparini, lakini inahitaji kuwa karibu na daktari kwa namna ambayo barabara ile haiwezi kuitimiza.

Valvu ya mnyama haihitaji warfarini ya maisha. Kwa mzee wa miaka 70 ni chaguo jema. Mwili wa kijana, hata hivyo, huijaza chokaa upesi, na mara nyingi kabla ya miaka 15 kupita kifua hufunguliwa tena. Zipo familia za Kiislamu zinazouliza kama ni ya nguruwe, nazo zinastahili jibu la kweli na la heshima: zipo zilizotengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe, na wapo wanazuoni wanaoruhusu hata hiyo nyingine panapokuwa na dharura. Puto nalo lipo. Tangu Kanji Inoue wa Japani aanze kulitumia mwaka 1982, mlango ulioshikana pembe unaweza kupanuliwa kwa mrija unaopenyezwa kutoka kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua, mradi majani yawe bado laini na damu hairudi nyuma kwa wingi. Kwa binti huyu ilikuwa inarudi.

Ikabaki kukarabati. Daktari hakumficha mama kwamba mlango uliokarabatiwa wa ugonjwa huu haudumu kama ule wa wazee wa Ulaya, kwamba binti ataendelea na sindano ya kila wiki nne kwa miaka mingi, na kwamba huenda siku moja akarudi mezani. "Lakini akirudi," alisema, "nataka awe amekuja na watoto wake." Mama akafungua mkoba, akatoa leso, hakuitumia.

Kizazi kimoja nyuma mazungumzo haya yangefanyika kuhusu tiketi ya ndege. Tanzania ilianza upasuaji wa kufungua moyo pale Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inaifanya kazi hiyo. Awali wagonjwa wengi walipelekwa India, na wengine walikufa wakisubiri zamu. Khartoum nako, kituo cha Salam kilichofunguliwa mwaka 2007 kilipokea bure wagonjwa wa valvu kutoka nchi nyingi za Afrika. Mikono iliyofundishwa karibu na ugonjwa imeona valvu za makovu kwa wingi, na inazijua kwa namna ambayo haipatikani kwenye kitabu.

Siku ya upasuaji niliwekwa juu ya kijukwaa kidogo upande wa kichwani, karibu na mtaalamu wa usingizi. Msumeno ulipita katikati ya mfupa wa kidari kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Daktari akafungua kifuko kinachoufunika moyo, na kabla ya jambo lolote akakata kipande cha kifuko hicho, kikubwa kama kiganja cha mtoto, akakisafisha mafuta, akakitandaza na kukitumbukiza kwenye bakuli la glutaraldehidi. Nesi wa vyombo akaangalia saa. Dakika kumi, kisha kikasuuzwa mara tatu. Kiraka cha mgonjwa kilitoka kwake mwenyewe.

Heparini ikaingia, mirija ikaunganishwa, mashine ikaanza kuzunguka. Koleo likabana aorta, na maji ya baridi yenye potasiamu yakapelekwa katika mishipa ya moyo. Ulidunda mara chache kwa uvivu, ukatulia. Sijui neno la kuueleza utulivu ule. Mstari kwenye skrini ulinyooka na hakuna mtu aliyeonyesha kushtuka.

Alipofungua chumba cha juu na kuivuta mitrali ionekane, hakushika kisu. Alichukua vindoano viwili vidogo na kuanza kuinua majani, sehemu kwa sehemu, kama mtu anayechambua vazi la zamani kuona mishono ya fundi aliyemtangulia. Anainua, analegeza, anahamia pembeni. Alitafuta kwanza sehemu iliyo nzima, hata iwe ndogo, apate kipimo cha kulinganishia nyingine. Dakika zikapita. Daktari kijana aliyekuwa msaidizi akasema kwa sauti ya chini, "Jani la nyuma halitembei." Mwalimu wake akajibu, "Ndiyo. Kwa nini halitembei?" Wakaendelea kutazama mpaka kijana akajibu mwenyewe: nyuzi fupi upande wa ndani, na ganda la kovu juu ya jani.

Kutoka hapo nilitazama vidole tu. Pembe zilizoshikana zilichanwa kwa kisu chembamba na zikaachwa milimita mbili tatu kabla ya fremu. Ukifika kwenye fremu mlango utavuja hapo milele. Nyuzi nene zilizogandana kuwa moja zilipasuliwa kwa urefu, zikawa mbili zenye nafasi katikati. Kisha akaanza kumenya. Kovu limelala juu ya jani kama utando wa ndani wa kitunguu, na chini yake, ukibahatika, lipo jani laini bado. Ukizidisha nguvu ya mkono unatoboa. Ukiogopa unaacha kovu. Alishika ukingo wa ganda kwa koleo na kulivuta polepole, kisu kikigusa tu pale panapokataa, na chini yake pakaonekana weupe wa aina nyingine, unaopitisha mwanga. Msaidizi alisahau kupumua. Niliona barakoa yake imetulia.

Jani la nyuma likakatwa kutoka kwenye fremu kwa urefu wa sentimita chache, na katika nafasi iliyofunguka kile kiraka kikashonwa kwa uzi wa buluu mwembamba kuliko unywele, mshono baada ya mshono. Jani likapata urefu lililoupoteza tangu utotoni.

Halafu pete. Nyuzi kama 12 hivi hupita kwenye fremu kuzunguka tundu, za kijani na nyeupe kwa kupishana ili zisichanganyane, zikining'inia kifuani kama nyuzi za mfuma mkeka. Hapa ndipo mtazamaji asiyejua huchoka, na ndipo nilipojifunza kuheshimu zaidi. Nyuma kidogo tu ya fremu kunapita mshipa unaolisha ukuta wa moyo. Upande mmoja iko valvu ya aorta, upande mwingine waya wa asili unaopeleka umeme wa mapigo. Sindano iliyopinda lazima ishike nyama ya kutosha isichomoke, na isiende kina cha kugusa jirani yeyote kati ya hao. Mkono unageuka mbele, unageuka nyuma, kulingana na upande wa duara, na kila mara kifundo cha mkono hufuata upinde wa sindano. Hakuvuta hata mara moja kwa kulazimisha. Pete ikateremshwa juu ya nyuzi, ikakaa, mafundo yakafungwa.

"Maji."

Nesi akampa bomba la sindano kubwa lenye maji ya chumvi. Akayasukuma kupitia mlango mpaka chumba cha chini kikajaa, na majani yakapanda. Yalikutana. Mstari wa tabasamu uleule niliouona jikoni kwangu, lakini wenye kiraka, wenye pete, wenye mishono ya buluu. Maji yalisimama. Hakuna aliyesema kitu kwa muda, kisha daktari akaagiza waanze kufunga.

Moyo ulipotolewa hewa na koleo kuachiwa, ulitetemeka, ukashika mapigo yake. Mashine ikapunguzwa. Mtaalamu wa usingizi akageuza skrini ya eko, kipimo cha kuuona moyo, ambacho mrija wake ulikuwa kwenye umio wa mgonjwa, tukaona majani yakicheza. Na kila moyo ulipojikamua, kwenye pembe ya ndani ulionekana ulimi mdogo wa rangi ukirudi juu.

Maji yalikuwa yamesema kweli ya moyo uliolala. Moyo unaofanya kazi huvuta nyuzi kwa namna ambayo bomba la maji haliwezi kuiga. Daktari alisimama mbele ya skrini, mikono imekunjwa kifuani ili isiguse kitu. Uvujaji haukuwa mkubwa. Chumba kizima kilikuwa kimesimama kwa saa tano. Binti angeamka, angepumua, angepanda ngazi, na huenda mwaka mzima upite bila mtu kujua. Alimwomba mtaalamu ageuze picha upande mwingine. Akatazama tena mapigo kama ishirini.

"Turudi," alisema.

Mtaalamu wa mashine hakuuliza. Alikuwa ameacha mirija yote mahali pake. Koleo likarudi kwenye aorta, moyo ukalazwa mara ya pili, chumba kikafunguliwa. Daktari aliinua pembe ile kwa kindoano, akamwonyesha kijana uzi mmoja ambao ulikuwa umebaki mfupi, umejificha chini ya mwingine. Akaukata. Akaweka mshono mmoja kuzisogeza kingo pamoja. Maji yakasimama, kama yalivyosimama mwanzo, na safari hii hakuna aliyeyaamini mpaka moyo ulipodunda na skrini ikageuzwa. Ulimi wa rangi haukuwepo.

Alivua glavu, akatoka kwenda kumtafuta mama kwenye benchi la korido.

Jumamosi iliyofuata mioyo sita ilikuwa mezani, imewekwa kwenye sinia za chuma. Aliwaambia vijana waachane na mengine, wafanye pembe ya ndani peke yake. Yule msaidizi alikaa mwisho wa meza, mgongo umeinama, akafanya kazi karibu saa nzima bila kuinua kichwa. Alipomaliza akanipa jagi, akabana aorta kwa vidole, nikamimina. Majani yakapanda, yakakutana, na pembeni tone moja likajitokeza, likafuatiwa na jingine. Alilitazama. Kisha akachukua mkasi, akakata uzi wake mwenyewe, akaanza upya.